Lebo Katika Mifumo ya Ujenzi: Nani Aone Nini, na Mwananchi Aulize Vipi

Ujenzi wa darasa moja huzalisha nyaraka nyingi. Kuna michoro, makadirio ya vifaa na gharama, mihtasari ya kamati, mikataba ya mafundi, hati za kupokelea saruji na nondo, stakabadhi za malipo, picha za msingi kabla haujafukiwa, na ripoti za mhandisi. Miaka miwili baadaye, ukuta ukipasuka na mkazi wa Ubena akauliza nondo kiasi gani zilitumika, nyaraka hizo ndizo zitakazotoa jibu. Zisipopatikana, waliofanya kazi kwa uaminifu hukosa utetezi, na aliyekosea hupata maficho.

Kutoka jalada hadi lebo

Ofisi za umma zimezoea masjala: majalada ya kawaida huwekwa katika masjala ya wazi, na yale nyeti katika masjala ya siri. Utaratibu huo una mantiki nzuri, lakini una ugumu mmoja. Karatasi moja hukaa katika jalada moja. Hati ya kupokelea nondo ikiwekwa katika jalada la fedha, anayeitafuta katika jalada la shule hataiona.

Mifumo ya kompyuta ya kusimamia ujenzi huondoa ugumu huo kwa kutumia lebo. Lebo ni neno fupi linalobandikwa kwenye waraka ili kuutambulisha, na waraka mmoja unaweza kubeba lebo kadhaa. Kwa mfano, hati ya nondo za darasa linalojengwa Ubena Zomozi inaweza kubeba lebo ya kijiji, ya aina ya jengo, ya hatua ya ujenzi, ya aina ya hati na ya mwaka wa fedha. Mhandisi akitafuta nyaraka za msingi ataipata. Mhasibu akitafuta hati za mapokezi za mwaka huo ataipata pia. Waraka ni uleule mmoja, na haukunakiliwa mara mbili.

Lebo kama ufunguo

Kazi ya pili ya lebo ni kulinda. Mtumishi anapoingia katika mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, mfumo huangalia mambo mawili: wajibu aliopewa, na lebo za waraka anaoutaka. Kwa kulinganisha hayo, humruhusu kuona tu, kuongeza, kubadilisha au kuidhinisha. Au humzuia kabisa.

Msingi wa mpango huo si mgeni kwa wananchi. Katika miradi ya fosi akaunti, ambayo taasisi husimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi badala ya kumkabidhi mkandarasi kazi yote, huundwa kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Anayenunua saruji hapaswi kuwa ndiye anayethibitisha kwamba mifuko imefika kamili. Mfumo uliopangwa vizuri hutekeleza kanuni hiyohiyo: mjumbe wa manunuzi huweza kusoma hati yenye lebo ya mapokezi, lakini hawezi kubadilisha idadi iliyoandikwa humo.

Kanuni hiyo ipo pia katika ununuzi wa umma, ambao tangu mwaka 2023 umehamia katika mfumo wa kitaifa wa NeST. Humo, idara inayohitaji huduma, kitengo cha ununuzi, bodi ya zabuni na afisa masuuli kila mmoja ana nafasi yake, na bei za wazabuni hubaki zimefungwa hadi muda wa kufungua zabuni ufike.

Mahali panapohitaji uangalifu

Lebo huwa na thamani iwapo tu zinatumika kwa nidhamu. Mtumishi mmoja akiandika “Ubena”, mwingine “Ubena Zomozi” na wa tatu “U/Zomozi”, kompyuta huona maeneo matatu tofauti, na nyaraka za mradi mmoja hutawanyika. Dawa yake ni orodha moja ya lebo iliyokubaliwa tangu mwanzo, ambayo watumishi huchagua kutoka humo bila kubuni nyingine.

Hatari kubwa zaidi ni hii: kama lebo ndiyo inayofungua mlango, basi mwenye uwezo wa kubadilisha lebo ndiye mwenye ufunguo. Hati ya malipo ikiondolewa lebo ya mradi, haijafutwa, lakini mkaguzi hataikuta anapoutafuta mradi huo. Kwa hiyo uwezo wa kubadilisha lebo hupewa wachache, na kila badiliko huacha kumbukumbu ya jina, tarehe na saa. Vilevile, mtumishi akihamishwa au mjumbe wa kamati akimaliza muda wake, ruhusa zake hufungwa siku hiyohiyo.

Kilicho wazi na kinacholindwa

Kuzuia si kuficha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda mambo kama namba ya kitambulisho cha fundi na namba yake ya simu. Lebo zikipangwa vyema, sheria zote mbili hutimizwa kwa pamoja: gharama ya darasa, idadi ya mifuko ya saruji na hatua ya ujenzi hutolewa, huku taarifa binafsi za fundi zikihifadhiwa. Pasipo mgawanyo huo, ofisi hushawishika kufunga kila kitu kwa sababu ya ukurasa mmoja wenye taarifa za mtu.

Namna ya kuuliza

Mwananchi hahitaji kompyuta ili kunufaika. Anapoandika barua kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, au anaposimama katika mkutano wa kijiji, inafaa ataje mambo manne: jina kamili la mradi, kijiji ulipo, mwaka wa fedha, na aina ya waraka anaoutaka. Swali la “fedha za shule zimekwenda wapi?” ni halali, lakini ni rahisi kulijibu kwa maneno ya jumla. Swali la “hati za kupokelea nondo za darasa la kijiji hiki, mwaka wa fedha fulani, zinaonyesha nini?” hudai karatasi mahususi, na karatasi hiyo ama ipo ama haipo.