Mapine makubwa yanakula mazutu, shofere njo analipa

Kolwezi, Likasi, Lubumbashi: popote kwenye mugodi, pikapu njo mguu wa kazi. Land Cruiser na Hilux zinabeba ekipe ya usiku, zinabeba fundi na vyuma vyake, zinabeba magunia. Siku hizi kuna mtindo umeingia: kutosha mapine ya fabrika na kuweka makubwa yenye meno marefu. Patro anapenda, juu motokari inaonekana nguvu na tumbo lake haligusi mawe. Kisha mwisho wa mwezi biro inapiga hesabu, inakuta mazutu imepita kipimo, na neno la kwanza kutoka ni "wizi". Siye batu ba sendika tumepokea mashofere waliokatwa mushahara namna hiyo. Kwa hiyo tunataka kila jamaa ielewe mambo haya, mama wa nyumba pia, maana franka zinazokatwa ni unga wa watoto.

Mazutu inaonekana kuongezeka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni ya karatasi tu. Tusizichanganye.

Ya kweli kwanza. Pine kubwa ni zito, na uzito wake uko pembeni, mbali na katikati. Jiwe lililofungwa kwa kamba ndefu ni nguvu kulizungusha kuliko lile la kamba fupi. Kila mara shofere anasimama kwenye bariere na kuondoka tena, motere inalipa ule uzito. Meno marefu nayo yanafaa mu matope, lakini ku gudro yanajikunja na kukamata njia. Motokari ikiinuliwa, upepo unaipiga zaidi, hasa ukipita kilometri 80 kwa saa.

Halafu kuna vitesi. Pine likiwa kubwa, mzunguko mmoja unapeleka motokari mbali zaidi, basi motere inasukuma kwa shida. Wenye kusukuma baiskeli na makala wanajua: ukiweka gurudumu la meno makubwa ku pedali, ku mulima utashuka utembee kwa miguu. Ku pikapu, pale shofere alipanda na ya nne, sasa anarudi ya tatu na kukanyaga. Tuseme ukweli: ku gudro tambarare, bila mzigo, mwendo mmoja, hasara inaweza kuwa ndogo. Lakini njia ya mugodi haiko vile. Ni kupanda, kushuka, kusimama, na watu wamejaa nyuma.

Sasa ile ya karatasi. Konteri haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na inaamini kwamba mapine ni yale ya fabrika. Tukamate mfano. Pine la 265/70R16 lina urefu wa karibu milimetri 777 toka chini mpaka juu. La 285/75R16, la janti ile ile ya inchi 16, lina karibu 834. Mzunguko mmoja wa la kwanza ni metri 2,44. Wa la pili ni 2,62. Tofauti ni karibu 7 kwa 100. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometri 300. Kwa mapine makubwa, konteri itaandika 280 tu. Zile 20 shofere amezitembea, lakini hakuna anayeziona.

Tuseme pikapu ilikuwa inakunywa litri 12 kwa kilometri 100, na kwa mapine mapya safari imekula litri 39. Biro inakamata 280, inasema: "Ilipaswa kula 33,6. Litri 5,4 zimeenda wapi?" Lakini kwa kilometri 300 za kweli, mapine ya zamani yangekula litri 36. Kwa hiyo litri 3 zimekunywewa na mapine, na 2,4 zingine ni kosa la konteri. Hakuna hata moja iliyoingia mu bido ya shofere.

Namna ya kuonyesha hayo haiombi injinieri. Chora alama ya chaki ku pine na chini, sukuma motokari mizunguko kumi, kisha pima kwa metri. Fanya vile kwa mapine ya zamani na mapya, motokari ikiwa na mzigo mumoja. Gawanya kipimo kipya kwa cha zamani. Ukipata 1,07, zidisha kilometri za konteri kwa 1,07. Halafu jaza tanki mpaka juu, tembea, jaza tena ku pompi ile ile, uandike litri zilizoingia. Daftari la namna hii mukononi mwa delege lina nguvu kuliko makelele. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inatambua delegasio ya sendika; basi delege aombe hesabu ya mazutu mbele ya mushahara kukatwa, si nyuma.

Mashofere nao wana sehemu yao. Upepo wa mapine upimwe asubuhi, mapine yakiwa baridi, juu pine laini linakula mazutu hata likiwa dogo. Na mujue: konteri ikiandika 75, kama mbele ilikuwa inasema sawa, sasa uko ku 80. Freni ni zile zile za fabrika, lakini pine kubwa linazishindana zaidi, na motokari iliyoinuliwa inapinduka kwa urahisi. Nyuma kuna baba za watu.

Kwa mapatro tunaomba vitu viwili: mukibadilisha mapine, murekebishe konteri na kipimo cha mazutu siku ile ile. Na mashofere waliokatwa kwa hesabu ya konteri ya uongo, hesabu yao ifunguliwe upya.