Sheria Ipo, Dawa Ipo: Kwa Nini Insulini Haimfikii Kila Mtu Marekani?

Hebu fikiria umesimama kaunta ya duka la dawa. Cheti cha daktari unacho, dawa unaiona kwenye friji nyuma ya mfamasia, ila hela aliyokutajia huna. Ingekuwa dawa ya mafua, ungerudi nyumbani ukanywa chai ya tangawizi, yakaisha. Kwa insulini huwezi kufanya hivyo.

Mwaka 2017, katika jimbo la Minnesota, kijana Alec Smith alitimiza miaka 26. Kwa sheria ya Marekani, huo ndio umri ambao bima ya mzazi inaacha kukubeba. Akaambiwa insulini na vifaa vyake ni karibu dola 1,300 kwa mwezi. Akaanza kujipunguzia dozi. Haukupita mwezi, akafariki.

Kwani kupunguza dozi kuna nini? Mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho lake halitengenezi insulini ya kutosha, mara nyingi halitengenezi kabisa. Insulini ndiyo inayoruhusu sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Ikikosekana, sukari inajaa kwenye damu huku seli zinakufa njaa. Mwili unageukia mafuta, ini linazalisha ketoni, na ketoni zikizidi damu inakuwa na asidi. Mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu. Haya yote yanaweza kutokea ndani ya siku moja au mbili.

Na si dawa mpya hii. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1923 wagunduzi wakakiuzia chuo kikuu chao hataza yake kwa dola 1 kila mmoja. Lakini soko la Marekani likaja kushikwa na kampuni tatu tu, na bei ikapanda mwaka hadi mwaka.

Majimbo yakaamua kuingilia kati. Colorado ilitangulia mwaka 2019: mwenye bima asilipe zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Majimbo mengine yakafuata. Sasa utauliza, si tatizo limeisha? Hapana. Soma tena: *mwenye bima*. Sheria ya namna hii inaibana kampuni ya bima, haiigusi bei yenyewe. Asiye na bima, kama Alec, yuko palepale. Tena waajiri wengi wakubwa hulipia matibabu ya wafanyakazi wao kwa fedha zao wenyewe, na mipango hiyo inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974. Jimbo haliwezi kuigusa. Kwa hiyo majirani wawili, wote wana kadi ya bima, mmoja analipa kidogo na mwenzake analipa bei kamili.

Minnesota ikapita njia nyingine. Mama yake Alec alipigania sheria mpya, ikapitishwa mwaka 2020 kwa jina la mwanawe. Hii haikupitia kwa kampuni ya bima, imepitia dukani. Ukiwa mkazi wa jimbo, umebakiwa na dawa ya chini ya siku 7, na kwa kawaida unalipa zaidi ya dola 75 kwa mwezi, unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, na mfamasia anakupa insulini ya siku 30 kwa dola zisizozidi 35. Hiyo ni ya dharura, mara moja kwa mwaka. Mwenye kipato cha chini au cha kati anaweza kuomba msaada wa muda mrefu, na hapo mzigo wa dawa unabebwa na watengenezaji.

Mwaka 2023 wazee walio kwenye Medicare nao wakawekewa kikomo cha dola 35 kwa mwezi, na kampuni zote tatu zikatangaza kushusha bei za baadhi ya insulini zao.

Kama una ndugu huko, mwambie asiondoke kaunta kimyakimya. Amuulize mfamasia mambo mawili: jimbo hili lina mpango gani wa dharura, na nikilipa taslimu bila bima ni nafuu zaidi? Zamani baadhi ya mikataba ilimziba mfamasia mdomo kwenye hilo la pili. Tangu 2018 sheria ya shirikisho imeipiga marufuku, kwa hiyo anaruhusiwa kukujibu. Na dozi asiipunguze hata kidogo kabla hajauliza.