Hazina ya utafiti Mlima Kenya: Imehifadhiwa mtandaoni, je, itamfikia mkulima?

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huelekezwa zaidi kwa wafanyabiashara, ila unavifaa pia vyuo vikuu, ambavyo mali yao kuu ni maarifa.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamifu alipohitimu, tasnifu yake ilitiwa jalada gumu na kuwekwa rafuni. Aliyetaka kuisoma alilazimika kusafiri hadi chuoni, kuomba ruhusa na kuisomea papo hapo maktabani.

Hali hiyo imebadilika. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Mweiga, kina hifadhi ya kidijitali ambamo tasnifu, makala za majarida na mawasilisho ya makongamano huwekwa ili yasomwe kupitia mtandao. Vyuo vikuu vya Karatina, Chuka, Embu, Meru na Kirinyaga navyo vina hifadhi za aina hiyo.

Upana wa yaliyomo katika hifadhi ya Nyeri unatokana na historia ya chuo chenyewe. Kilianza mwaka 1972 kama Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2007, kisha kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012.

Kwa hivyo, uhandisi wa mitambo na wa umeme umetia fora. Hata hivyo, kando yake kuna tafiti za sayansi ya tarakilishi, biashara, utalii, uuguzi, ramani za kidijitali na nishati ya mvuke wa ardhini. Kahawa pia ina nafasi yake, kwa kuwa chuo hicho kina shamba la zao hilo na hufundisha teknolojia ya kulitayarisha.

Zaidi ya hayo, chuo kina eneo la kuhifadhia wanyamapori ambapo watafiti wameweka kamera na vinasa sauti vya gharama nafuu ili kutambua wanyama na ndege. Picha na sauti zilizokusanywa zimetolewa ili watafiti wengine wazitumie. Utafiti, basi, hauhifadhiwi kwa maandishi pekee.

Jinsi kazi inavyohifadhiwa

Mtafiti hukabidhi maktaba nakala ya kidijitali ya kazi yake. Mkutubi huiandikia maelezo: jina la mwandishi, mada, mwaka, ikisiri na maneno ya kuitafutia. Kisha kazi hupewa anwani ya kudumu, ambayo haibadiliki hata tovuti ya chuo ikifanyiwa marekebisho.

Vyuo vingi hutumia DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard za Marekani. Haitozwi ada ya leseni, jambo ambalo limevifaa vyuo vichanga. Mitambo ya kutafuta habari kama Google husoma maelezo hayo, hivi kwamba msomaji aliye Othaya au Oman anaweza kuipata kazi iliyoandikiwa Nyeri.

Umuhimu wa kuwa na nakala zaidi ya moja ulidhihirika Aprili 18, 2021, moto wa mlimani ulipoteketeza ukumbi wa maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Vitabu na filamu nyingi kuhusu Afrika viliangamia. Kwa vile vilivyokuwa vimenakiliwa kidijitali, angalau nakala zilisalia.

Nyeri nayo inajua uchungu wa kumbukumbu kutoonekana. Shujaa Dedan Kimathi, ambaye chuo hicho kina jina lake, alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri na kunyongwa Februari 18, 1957. Kumbukumbu za kesi yake zilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa zimepotea, hadi zilipochapishwa kitabuni mwaka 2017 chini ya uhariri wa mwanahistoria Julie MacArthur.

Kuhifadhi si kufikisha

Hata hivyo, kuweka kazi mtandaoni hakumaanishi kwamba imewafikia walengwa. Baadhi ya kazi huonyesha ikisiri tu, huku nyingine zikifungwa kwa muda ili mwandishi achapishe kitabu au aombe hataza ya uvumbuzi wake.

Msomaji pia anapaswa kupambanua. Tasnifu imepitiwa na watahini, na makala ya jarida la kitaaluma imekaguliwa na wataalamu wengine. Wasilisho la kongamano huenda halikupitia uchunguzi wa kiwango hicho.

Kizingiti kikubwa zaidi ni lugha. Mkulima wa Tetu au Mukurweini hujibu maswali ya mtafiti kwa Kikuyu au Kiswahili, kisha matokeo huandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma. Aliyetoa habari anakuwa wa mwisho kuzisoma, ikiwa atazisoma kamwe.

Historia ya kahawa yaonyesha faida ya maarifa kufika shambani. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima huuita CBD, uliripotiwa Kenya mwaka 1922. Watafiti wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo, mwaka 1985, na Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, mwaka 2010. Mkulima hakuhitaji kusoma ripoti za maabara. Alipokea mche, na pamoja nao maelezo ya kuutunza.

Tafiti nyingi za vyuo hazizai mche wa kugawa. Huzaa mapendekezo, nayo hayana budi kuelezwa kwa maneno. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukurasa mmoja wa ikisiri kwa Kiswahili katika kila tasnifu inayohusu wakulima, wagonjwa au wafanyabiashara wadogo haungemgharimu mtafiti muda mwingi. Maafisa wa kilimo wa kaunti na vyama vya ushirika wangepata cha kusoma katika mikutano yao, na mkulima aliyetoa saa nzima kujibu maswali angejua yaliyotokana na majibu yake.