Ukurutu na Dawa Yake ya Kupaka

Nilipofika katika shule hii kwa mara ya kwanza, wenzangu wa bwenini walisogeza vitanda vyao mbali na changu. Waliona mikunjo ya viwiko vyangu, ngozi kavu yenye rangi ya kijivu iliyochubuka kwa kukunwa, wakasema, “Huyu ana upele, atatuambukiza.” Haukuwa upele. Ulikuwa ukurutu, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita pia pumu ya ngozi, nao hauambukizi hata kidogo. Nimeomba nafasi katika ukurasa huu nieleze ugonjwa huo na dawa yake, kwa sababu dawa ni nzuri sana, lakini mimi kwa ujinga wangu niliitumia kumdhuru rafiki.

Ngozi ya mtu ni kama ukuta wa nyumba. Huzuia maji ya ndani yasitoke, na vumbi na vijidudu visiingie. Kwa mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa. Maji hutoka, ngozi hukauka, vitu vya nje huingia, na askari wa mwili huanza vita. Ndipo ngozi huvimba na kuwasha. Mtu hujikuna, na kila akijikuna nyufa huzidi. Kwa watu weupe mahali hapo huwa pekundu. Kwetu sisi weusi mara nyingi huonekana pa kahawia nzito, zambarau au kijivu, na kwa hiyo wengi huchelewa kuutambua.

Zamani hapakuwa na dawa ya kutuliza vita hivyo upesi. Mwaka 1952, madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, walitangaza kwamba haidrokotisoni, ikipakwa juu ya ngozi, hutuliza magonjwa ya namna hii. Tangu hapo zimetengenezwa dawa nyingi za jamii hiyo, nazo huitwa steroidi. Kazi yao ni moja: huwatuliza askari wa mwili mahali zinapopakwa. Haziui kijidudu chochote. Neno hili likumbukwe, maana ndilo nililokuwa sikulijua.

Katika mwaka wangu wa pili mwenzangu mmoja alitokewa na choa pajani. Yeye peke yake ndiye ambaye hakukisogeza kitanda chake siku ile, basi aliponiomba tyubu yangu nikampa kwa moyo mweupe. Siku za kwanza mwasho ulipungua, tukafurahi. Kumbe askari walikuwa wamelazwa, na vimelea vya choa vikapata nafasi ya kuenea. Baada ya majuma matatu choa lilikuwa limefika tumboni, wala halikuwa tena na umbo lake la duara. Alipona kwa dawa ya kuua kuvu, lakini kwa taabu. Basi usimpe mtu dawa yako, hata akiwa rafiki wa kweli.

Sasa, itumiweje? Kwanza, jua nguvu yake. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni ya upole. Betamethasoni ya asilimia 0.1 ni kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote mbili. Mnaona kuwa tarakimu ndogo si dalili ya upole! Usoni, makwapani na kinenani ngozi ni nyembamba. Hapo hutumiwa ya upole tu, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

Pili, jua kipimo. Kamua dawa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, toka ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, nayo yatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Tatu, paka mahali penye ugonjwa tu, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku alizotaja daktari. Mara nyingi juma moja au mawili hutosha.

Nne, mafuta mazito ya kawaida, kama vaselini, yapakwe kila siku, hata ngozi ikiwa imetulia, hasa mara baada ya kuoga. Hayo ndiyo huziba nyufa. Kati ya mafuta na dawa acha kama nusu saa.

Wako wanaopaka steroidi kali kila siku ili wawe weupe, na mara nyingine krimu za dukani huwa nazo ndani bila mnunuzi kujua. Matokeo yake ni ngozi nyembamba, michirizi isiyofutika, chunusi, na hata madhara ya macho zikipakwa karibu nayo. Aliyezizoea kwa miezi mingi asiache ghafula kwa shauri lake, bali amwone daktari, kwa maana ngozi yaweza kuwaka kama moto.

Walakini hofu nayo ina hasara. Mama yangu aliposikia habari za madhara hayo aliificha dawa ya mdogo wangu. Mtoto hakulala usiku kwa kujikuna, hata ngozi ikatoa usaha, akapelekwa hospitali. Daktari alimtibu usaha, kisha akamrudishia dawa ile ile, akamwonyesha mama kipimo cha kidole. Sasa mtoto analala.

Muhula huu amekuja mwanafunzi mpya mwenye viwiko kama vyangu. Nilikisogeza kitanda changu karibu na chake. Nanyi mlio katika mabweni mengine, na ninyi kaka zetu wenye watoto nyumbani, mkimwona wa namna hiyo, msimkimbie, wala msimwazime tyubu. Mpelekeni kwa mganga.