Jirani Anapoingilia Kati

Katika mitaa ya Makindye na Rubaga, jijini Kampala, wanaharakati wa SASA!, mpango wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, walikuwa wakazi wa hapo hapo, wanawake kwa wanaume. Walikaa na majirani, wakaonyesha bango lenye picha na kuuliza: nani ana nguvu katika nyumba hii, na anazitumiaje?

Mbinu hiyo ilibuniwa na Raising Voices, shirika la Uganda, na shirika la CEDOVIP likaifikisha mitaani. Chuo Kikuu cha Makerere na London School of Hygiene and Tropical Medicine wakaipima kati ya 2007 na 2012 katika jamii 8, nusu zikiwa na mpango, nusu bila. Mwishowe, wanawake waliopigwa na wenza wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 palipokuwa na mpango. Si jambo dogo hata kidogo!

Rwanda ilichota katika SASA!: mradi wa Indashyikirwa, kwa fedha za Uingereza, uliwakalisha wanandoa darasani pamoja. Haiti nayo ikaifuata mbinu hiyo ya SASA!.

Fedha za nje zina heri zinapolipia mafunzo na utafiti, wenyeji wakishika usukani. Ila mazoea ya nyumbani hayabadiliki kwa mwaka mmoja. Wafadhili, msiondoke mapema.