Springi za Motokaa na Faida Zake

Watu wengi wapandao motokaa hudhani ya kuwa springi zimetiwa chini yake ili abiria wasiumie mgongo. Jambo hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Kazi iliyo kubwa zaidi ya springi ni kulifanya gurudumu lishikane na ardhi wakati wote. Gurudumu lililo hewani haliwezi kuongoza gari, wala kulisukuma, wala kulizuia. Dereva aweza kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, na kuuzungusha usukani apendavyo, lakini ikiwa magurudumu hayagusi ardhi, yeye naye amekuwa abiria kama wengine.

Kwa hiyo yampasa kila mtu mwenye gari, au anayekusudia kununua gari kwa fedha zake mwenyewe au za chama cha ushirika, afahamu springi ni nini, ziko za namna gani, na kila namna yafaa kazi gani. Ujuzi huu waweza kumwokolea fedha nyingi, na pengine kuokoa maisha ya watu.

GURUDUMU NA NJIA MBAYA

Tazama mkokoteni usio na springi. Gurudumu lake likipanda jiwe, mkokoteni mzima hupanda pamoja nalo, kisha huanguka kwa kishindo. Ukienda polepole, hasara yake si kubwa. Lakini motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 katika kila sekunde. Ikiwa njia ni ya murram, nayo imefanya matuta madogo kama bati, na kutoka tuta moja hata la pili ni robo tatu ya mita, basi kila gurudumu hupigwa mara 22 katika sekunde moja. Kama magurudumu yangefungwa imara kwenye fremu, gari lisingedumu siku nyingi kabla ya kupasuka.

Springi huliacha gurudumu lipande na kushuka, huku mwili wa gari ukiendelea karibu sawasawa. Hupokea nguvu ya pigo kwa kujikunja, kisha huirudisha nguvu ile kwa kulisukuma gurudumu chini hata liguse ardhi tena. Kadiri gurudumu na vyuma vilivyoshikamana nalo vilivyo vyepesi, ndivyo springi iwezavyo kulirudisha upesi. Kanuni hii na ikumbukwe, maana ndiyo ielezayo kwa nini springi si za namna moja.

SPRINGI ZA BAPA

Hizi ndizo za zamani. Zilitumika katika magari ya farasi kabla motokaa haijabuniwa, na mwaka 1804 Mwingereza mmoja, Obadiah Elliott, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kuzifunga chini ya magari hayo.

Springi ya bapa ni vipande vya chuma kigumu cha feleji vilivyopindwa kidogo kama upinde. Vipande hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kabisa juu na kifupi kabisa chini, na kufungwa pamoja kwa bolti katikati. Ncha za kipande kirefu hukunjwa zikafanya matundu. Ncha moja hushikwa kwenye fremu kwa pini. Ncha ya pili huning'inizwa kwa kipande cha chuma kiwezacho kucheza mbele na nyuma, kwa sababu springi ikilemewa hunyoka, na ikinyoka huwa ndefu zaidi. Ekseli hufungwa katikati ya springi kwa bolti zilizopindwa mfano wa kiatu cha farasi.

Faida yake ni kubwa. Hubeba mzigo mzito, na juu ya hayo huishika ekseli mahali pake bila kuhitaji vyuma vingine. Kipande kimoja kikivunjika, fundi aweza kukitoa na kutia kingine. Kwa ajili hiyo malori mengi na magari mengi ya mizigo hutumia springi za bapa nyuma mpaka leo, na Land Rover za kwanza, zilizotokea mwaka 1948, zilikuwa nazo mbele na nyuma.

Lakini zina hasara pia. Ni nzito, na vipande vyake husuguana. Tena springi iliyofanywa kubeba tani moja ni ngumu mno gari likiwa tupu. Ndiyo sababu gari la mizigo lililo tupu hurusha mkia wake katika njia ya matuta, na likiingia kona kwa kasi magurudumu ya nyuma huteleza kando. Dereva asidhani kwamba gari tupu ndilo lililo salama kukimbizwa.

SPRINGI ZA KOILI

Springi ya koili ni fimbo ya feleji iliyozungushwa kama waya uliosokotwa juu ya kijiti. Ni nyepesi, haina vipande vya kusuguana, nayo hukubali hata pigo dogo. Kwa hiyo gurudumu lake huifuata njia vizuri zaidi.

Hata hivyo koili haijui ila kazi moja, nayo ni kubeba. Haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma, wala kando. Lazima pawe na mikono ya chuma ya kuishika, na katika viungo vya mikono hiyo hutiwa bushi za mpira. Bushi hizo zikilika, gari huanza kuyumba na kwenda upande ingawa koili zenyewe ni nzima.

Watu wengine huamini ya kuwa gari lenye springi ngumu ndilo lenye nguvu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalionyesha kwamba sivyo. Peugeot 404 ilikuwa na koili laini, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, kwa magurudumu yote manne. Motokaa hiyo ilishinda katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia zilikuwa mbaya hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Hapana shaka ushindi hutokana na mambo mengi, na dereva hodari ni mojawapo, lakini gari ambalo springi zake zingeshindwa lisingefika. Baadaye Peugeot 504 ya kubeba jamaa nzima ilifungwa koili mbili kila upande nyuma, ili ipate upole wa koili pamoja na nguvu za kubeba watu na mizigo yao.

NONDO YA KUSOKOTWA

Namna ya tatu haionekani kama springi hata kidogo. Ni nondo iliyonyoka, imelazwa chini ya gari. Upande mmoja umefungwa imara kwenye fremu, na upande wa pili umeungwa na mkono ulioshika gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono huizungusha nondo kama mtu akamuavyo nguo, na nondo hupigana kurudi katika hali yake. Nondo hii haichukui nafasi kubwa, na fundi aweza kuinua au kushusha upande wa mbele wa gari kwa kukaza au kulegeza bolti yake.

Volkswagen ile ndogo iliyofanana na kombamwiko ilitumia springi za kusokotwa mbele na nyuma. Toyota Hiace ya umbo lililotolewa mwaka 2004, ambayo katika Kenya imebeba abiria wasiohesabika, ina nondo mbele na springi za bapa nyuma. Si bahati nasibu. Mbele ndiko kuliko na usukani, basi kwahitajiwa gurudumu liifuatalo njia kwa wepesi. Nyuma ndiko mzigo uliko, basi kwahitajiwa nguvu.

KILA GURUDUMU PEKE YAKE

Magurudumu mawili yakiungwa kwa ekseli moja nzima, moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Ili kuondoa shida hiyo, wahandisi walibuni njia ya kulifanya kila gurudumu liende peke yake. Njia iliyoenea sana ni ile ya Mwamerika Earle MacPherson, iliyotumiwa katika motokaa za Ford Consul na Zephyr zilizotolewa Uingereza kuanzia mwaka 1950. Koili na bomba la kutuliza mtikisiko huunganishwa kuwa mguu mmoja, uliosimama juu ya gurudumu. Vyuma ni vichache, uzito ni mdogo, na gharama ni nafuu. Leo motokaa ndogo nyingi zina miguu hiyo mbele.

Wengine waliacha chuma wakatumia hewa na mafuta. Mwaka 1955 Wafaransa walionyesha Citroën DS, ambayo ilibebwa na gesi iliyofungwa ndani ya matufe manne, ikisukumwa na mafuta yenye nguvu. Gari hilo lilijiinua lenyewe baada ya kupakiwa. Siku hizi mabasi mengi makubwa hubebwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa: abiria wakiongezeka, hewa nayo huongezwa, na basi hubaki katika kimo kile kile. Ni namna nzuri, lakini hutaka fundi aliyejifunza kazi hiyo na vipuri vyake hasa.

SHOKOMZOBA

Springi peke yake haitoshi. Ikisukumwa hurudi, na ikirudi hupita mahali pake, ikaendelea kuchezacheza kama mpira uliodundishwa. Hapo ndipo inapohitajiwa shokomzoba. Ndani ya bomba lake mna mafuta na kizibo chenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda au kushuka, mafuta hulazimishwa kupenya katika vitundu vile. Nguvu ya springi hugeuka kuwa joto, na mchezo hukoma.

Shokomzoba ikichakaa, gari laweza kuendelea kutembea, na hii ndiyo hatari yake, maana mwenye gari hujidanganya kuwa hakuna kilichoharibika. Katika njia yenye matuta kama bati, gurudumu lake hurukaruka, na muda lilio hewani breki yake haina kazi. Gari huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama, na katika kona huenda lisimtii dereva.

KUPAKIA KUPITA KIASI

Kila springi ilipimwa kwa mzigo wake. Gari lililokusudiwa kubeba tani moja likitiwa tani mbili za mahindi au mawe, springi hunyooka kabisa, na ekseli hugonga vizuizi vya mpira vilivyo chini ya fremu. Tangu hapo hakuna springi tena. Gari limekuwa kama mkokoteni ule. Kila shimo hupiga fremu moja kwa moja, nayo hupata nyufa. Tena mzigo ukizidi nyuma, mbele huinuka, na magurudumu ya usukani hushika ardhi kwa udhaifu.

Wenye magari wengine huongeza vipande vya springi, wakidhani wameongeza uwezo wa gari. Springi imeongezwa, naam, lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, na mipira ya magurudumu ni ile ile. Gari halionyeshi tena kwamba limelemewa, lakini limelemewa, na siku ya kuteremka mlima ndipo ukweli hujulikana.

MAMBO YA KUTAZAMA

Mtu anayetaka kununua gari lililokwisha kutumika, na dereva aliyekabidhiwa maisha ya abiria, yafaa atazame mambo haya:

1. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa na kutazamwa kwa mbali kutoka nyuma. Likiwa limeinama upande mmoja, pengine springi imechoka au imevunjika.

2. Vipande vya springi za bapa vitazamwe kimoja kimoja. Ufa huonekana kama mstari mwembamba, mara nyingi wenye kutu. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli huweza kuhama, na gari likaenda kwa ubavu kama kaa.

3. Pembe moja ya gari isukumwe chini kwa nguvu na kuachiliwa. Yapasa ipande na kutulia. Ikiendelea kuchezacheza, shokomzoba imekwisha.

4. Bomba la shokomzoba litazamwe kama linavuja mafuta, na mipira ya magurudumu kama imelika mabaka mabaka.

5. Bolti na nati zishikazo ekseli zikazwe, hasa baada ya springi kufunguliwa na kufungwa tena.

6. Shokomzoba za ekseli moja zibadilishwe zote mbili pamoja, ili upande mmoja usiwe na nguvu kuliko wa pili.

Hakuna springi iliyo bora kwa kazi zote. Mkulima apelekaye magunia sokoni hana haja ya upole wa motokaa ya mjini, na mwalimu aendaye shuleni peke yake hana haja ya springi za lori. Mwenye busara huuliza kwanza njia yake ikoje na mzigo wake ni kiasi gani, ndipo achague gari. Na akiisha kulichagua, asingoje kishindo ndipo alale chini kutazama. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakujua motokaa, lakini maneno yao yaihusu. Bei ya shokomzoba mbili si ndogo, lakini hailingani na bei ya gari zima, wala haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu mmoja aliyeketi ndani yake.