Weupe kwenye zabibu: Mjue adui kabla ya kununua dawa

MKULIMA wa zabibu mkoani Dodoma ana bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Machi na tena kati ya Agosti na Septemba. Hata hivyo, neema hiyo ina gharama yake. Mizabibu huku haipitii majira ya baridi kali ya kuivua majani, hivyo wadudu na vimelea vya magonjwa hupata chakula mwaka mzima.

Dalili inayowapoteza wakulima wengi ni weupe. Mtu akiona mzabibu umekuwa mweupe, hukimbilia duka la pembejeo kuomba "dawa ya zabibu". Hapo ndipo hasara huanzia, kwani weupe huo unaweza kuletwa na maadui watatu, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Ubwiri unga

Huu ni ugonjwa wa ukungu. Majani, machipukizi na zabibu changa huonekana kama zimenyunyiziwa unga, na ukipitisha kidole unga huo hufutika. Baadaye punje hupasuka. Hauhitaji mvua, hupenda kivuli na matawi yaliyosongamana. Kinga yake ya kawaida ni salfa, ikianza mapema kabla ugonjwa haujasambaa, pamoja na kupogolea ili hewa ipite. Salfa isipigwe kwenye jua kali kwa kuwa huunguza majani.

Ubwiri vinyoya

Huu ni ukungu wa masika. Juu ya jani hutokea mabaka ya njano kama tone la mafuta, na ukiligeuza jani unakuta vinyoya vyeupe upande wa chini. Dawa zenye kopa hukinga zikipigwa kabla ya maambukizi. Ukungu ukishaingia ndani ya jani, kopa haiwezi kuufuata humo.

Vidung'ata

Hawa ni wadudu wanaofyonza utomvu, wamejifunika nta nyeupe kama pamba. Hukaa kwenye maungio ya matawi, chini ya magome na katikati ya vichala. Ukiwabonyeza kwa njiti ya kiberiti, hutoa majimaji. Dalili nyingine ni utamu unaonata, masizi meusi juu ya matunda na sisimizi wanaopanda shina.

Mdudu mdogo wa aina hii si wa kudharauliwa. Huko Laikipia, Kenya, ndugu yake wa karibu aliachiwa makusudi katika miaka ya 2010 ili afyonze na kudhoofisha mpungate, mmea wa miiba uliovamia malisho. Kule ni msaada. Kwenye zabibu ni hasara.

Tiba huanza na usafi: bandua magome yaliyolegea wakati wa kupogolea, kata matawi yaliyoathirika na uyachome. Zuia sisimizi, maana huwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala ili wapate ule utamu. Palipo na wachache, maji ya sabuni yakiwafikia vizuri husaidia. Wakizidi, muulize ofisa ugani kiuatilifu kinachofaa. Dawa kali inayoua kila mdudu huua pia marafiki wa mkulima, na vidung'ata waliojificha chini ya magome hurudi kwa wingi.

Hesabu ya mkulima

Dawa isiyo sahihi hulipiwa mara tatu: bei yake dukani, ujira wa mpigaji, na vichala vinavyoharibika wakati mkulima akisubiri matokeo. Zabibu za mezani huumia zaidi, kwa kuwa mteja hununua kwa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, kata tawi lenye dalili, litie kwenye mfuko na ulipeleke kwa ofisa ugani wa kata au kituo cha utafiti cha TARI Makutupora. Ukishapata dawa, soma kibandiko na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mlaji naye ana haki ya zabibu salama.